Mama Alipokuja Kuangalia Taa



Kila baridi inapoingia huku Maskati, viyoyozi vikazimwa na masweta yakatolewa kabatini, naanza kupata ujumbe wa aina moja: "Dada, mwaka huu twende wapi na watoto? Layali Masqat wadogo wataiweza? Wazee je?" Wanaouliza zaidi ni familia zilizohamia karibuni na wanafunzi ambao likizo yao hawana pa kwenda. Safari hii nimeona nisijibu mmoja mmoja. Nitawaeleza nilivyokwenda mimi Januari 2025, nikiwa na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Nawaambia mapema kwamba habari za maegesho zitakuwa fupi na za mama zitakuwa ndefu.

Kwa ambao hawajafika: layali ni wingi wa usiku kwa Kiarabu, na tamasha hili ni la manispaa ya mji. Wenyeji wakongwe bado wanaliita Mahrajan, kwa sababu lilianza 1998 kwa jina la Mahrajan Masqat, Tamasha la Maskati, na kwa miaka mingi Januari na Februari zilikuwa zake. Likasimama, korona ikapita, na liliporudi Januari 2023 lilikuja na jina jipya. Zamani tulikwenda kuangalia ngoma, mafundi wa kusuka na kufua fedha, na fataki. Mafundi na ngoma wapo mpaka leo, lakini ukiwauliza watoto, wanachokijia ni taa: leza juu ya maji na zile droni zinazochora picha angani. Viwanja vimetawanyika, Amerat, Naseem na kwengineko, ila sisi kwetu ni Qurum, ile bustani kubwa yenye ziwa.

Mambo haya ya taa yameenea duniani. Jirani zetu Sharjah wana tamasha lao tangu 2011, Riyadh walianza Noor Riyadh 2021, na mlioko Ufaransa mnajua kuliko mimi habari za Lyon, ambako tarehe 8 Desemba 1852 watu walipanga mishumaa madirishani na ikaja kuwa sherehe ya mji mzima kila mwaka. Siku hizi msanii hulipima jengo kwa kompyuta, dirisha kwa dirisha, akachora picha inayolikaa jengo hilo tu, kisha akalimulika kwa projekta. Ukizima, ukuta ni ule ule, hauna hata tone la rangi. Nilipomweleza mama hivyo alisema kama ni hivyo hata nyumba yetu ya Malindi inaweza kuonekana imepakwa chokaa.

Mama yangu ana miaka 70, na ilikuwa mara yake ya pili kupanda ndege. Wajukuu zake wawili wamezaliwa hapa. Wa kwanza ana miaka 12, mdogo wake wa kike ana 6. Kiswahili wanakisikia vizuri, lakini ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiarabu, au kwa Kiingereza cha shule. Wengi wenu mnaijua hali hiyo. Kwenye simu ya video mazungumzo yao na bibi yao yalikuwa hivi: "Hujambo?" "Sijambo." "Umekula?" "Nimekula." Halafu simu inarudi kwangu. Nilidhani akifika mwenyewe mambo yatabadilika. Wiki ya kwanza ilikuwa "Umekula?" "Nimekula" vile vile, tofauti ni kwamba sasa wamekaa kochi moja.

Kilichowaunganisha kwanza kilikuwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa taa. Usiku ule tuliompokea uwanja wa ndege, mama alihesabu nguzo za taa za barabara ya Sultan Qaboos mpaka akachoka. "Nani analipa?" akauliza. Yeye umeme wake ni wa Tukuza, anaununua kidogo kidogo na anaijua kila yuniti ilikokwenda. Kwa hiyo nyumbani kwangu alikuwa akipita nyuma ya watoto akizima taa, chumba kwa chumba, nao wakipita nyuma yake wakiwasha. Hakuna aliyesema neno. Ilikuwa vita ya kimya kimya na mimi nilikaa mbali nayo.

Nyumba hiyo hiyo anaishi na baba mkwe wangu. Yeye ni Mmaskati wa Maskati yenyewe, ile ya ndani ya ukuta, na Kiswahili chake alikipata kwa marehemu mkewe, mzaliwa wa Unguja. Baina yake na mama kuna heshima za wakwe: wanaamkiana asubuhi, wanaulizana hali, basi. Mmoja akiingia sebuleni, mwenzake anakumbuka ana jambo chumbani.

Msafara wetu wa Qurum ulikuwa huo. Kosa langu la kwanza, na nyinyi msilifanye, ni kwenda Alhamisi usiku, mji mzima umeshafunga kazi. Gari tuliliacha mbali tukatembea. Ukienda na mzee, mshushe kwanza langoni na mtu wa kukaa naye, ndipo ukatafute pa kuegesha. Beba jamvi, beba kiti cha kukunja, na usidanganywe na jua la mchana, usiku kando ya ziwa kuna baridi. Mama alivaa koti la mume wangu juu ya baibui na hakulivua mpaka tuliporudi. Tulinunua mkate wa rakhal wenye yai na jibini, na mishkaki. Mama alitafuna kijiti cha kwanza kwa muda, akasema Forodhani wanatia ndimu zaidi, akaomba cha pili.

Tukapata mahali karibu na maji. Baba mkwe kitini kwake upande huu, mama jamvini upande ule, watoto katikati. Kijana alikuwa ameshachukua picha za miti iliyofungwa taa na madaraja na chakula na yeye mwenyewe, simu imebaki na chaji kidogo. Nikamwambia aizime aiweke kwa ajili ya droni. Akaizima. Na droni zikachelewa, kwa sababu ya upepo. Kwa hiyo nilikuwa na mtoto wa miaka 12 aliyekaa gizani bila simu, jambo ambalo sijui mara ya mwisho lilitokea lini.

"Tunangoja nini?" mama akauliza.

"Drones," mjukuu akajibu.

"Ndiyo nini hizo?"

Akanitazama nimsaidie. Nikajifanya nafunga kiatu cha mdogo wake. Akaanza kwa Kiarabu, na mama, ambaye Kiarabu cha kuulizia bei na kusomea anacho, akamkata: "Kwa Kiswahili. Cha televisheni sikitaki."

Basi akaanza. "Ni… ndege. Ndogo. Hazina mtu ndani."

"Tiara?"

"Tiara ni nini?"

"Karatasi inarushwa na uzi."

"Hapana, hazina uzi. Zina taa. Kila moja ina taa moja, inaweza rangi zote. Ni nyingi sana."

"Na nani anaziendesha, kama ni nyingi?"

"Kompyuta. Iko chini. Kabla, mtu anaandika kila moja iende wapi. Kila moja ina namba. Inajua hii sekunde niwe hapa, hii sekunde niwe pale, hii sekunde niwe nyekundu. Picha haijui."

"Picha haijui vipi?"

"Yaani haijui kama ni picha ya ndege au ya maua. Inajua kwake tu."

Mama akakaa akifikiri. "Kama halaiki," akasema.

Kijana halaiki hakuijua, ikawa zamu yake ya kuuliza. Na mama, ambaye katika ujana wake alichaguliwa kucheza halaiki ya sherehe za Mapinduzi uwanja wa Amaan, akamweleza: mamia ya watoto wamejipanga, kila mmoja na kitambaa chake, ikipigwa filimbi huyu anainua cha kijani, huyu anainama, na waliokaa juu jukwaani wanaona maandishi. "Wewe uliye chini huoni kitu. Unaona mgongo wa mwenzako na jasho. Mwalimu akituambia tumeandika neno, nasi tunaamini."

"Exactly," akasema mwanangu, kisha akajirekebisha mwenyewe, "Hivyo hivyo, Bibi."

Nilinyamaza nisije nikaiharibu. Akaendelea kueleza bila kuulizwa: kwamba kila droni hupokea ishara za setilaiti ili ijue iko wapi, kwamba betri yake ni ya dakika chache tu, na ndiyo maana upepo ni adui, ikishindana nao betri inakwisha haraka, na ikisukumwa inaweza kuipiga jirani yake, kwa sababu hizo za maonyesho hazionani.

"Hazionani?"

"Haziwezi. Kila moja inasikiliza setilaiti na kompyuta tu. Haina macho ya kumuona aliye pembeni."

"Zinaruka pamoja na hazionani," mama akasema, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jamaa wasiosemezana.

Kisha mjukuu akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu wiki ya kwanza. "Bibi, kwa nini unazima taa zetu?"

Nilitarajia aseme habari ya bei. Badala yake akamweleza giza. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na njia hiyo ilipopata hitilafu hatukuwa na nyingine. Mwaka uliotangulia huo, Mei 2008, tulishakaa karibu mwezi mzima gizani, tukadhani tumeshaonja. Waya mpya mkubwa ulifika 2013, baada ya yote hayo.

"Miezi mitatu hakuna intaneti?" mtoto akauliza kwa hofu ya kweli.

"Hakuna maji," mama akasema. "Pampu zilikuwa za umeme."

Mimi wakati ule nilikuwa chuoni, nakumbuka kusoma kwa kibatari na kuamka puani mna masizi. Nakumbuka jenereta za mahoteli Mji Mkongwe zikinguruma usiku kucha. Lakini mama alikuwa na habari ambayo mimi nilikuwa nimeisahau, au tuseme nilikuwa nimeiweka mbali. Wakati ule tulikuwa tukiishi kwa friza. Baba ameshafariki, na mama alikuwa akiuza barafu za ubuyu na za maziwa kwa watoto wa madrasa. Friza ndiyo iliyonilipia ada. Wiki ya kwanza aliigawa bure mali yote kabla haijaharibika. Wiki ya pili alitia nguo ndani ya friza, ikawa kabati. Mwezi wa pili aliuza bangili zake mbili, na mimi aliniambia amezipeleka kwa sonara kutiwa nakshi.

Hilo la bangili nililisikia Qurum kwa mara ya kwanza, miaka 15 baadaye, akimwambia mwanangu kama mtu anayesimulia kitu cha kawaida. Hakunitazama. Nami sikumuuliza kitu pale.

Baba mkwe alikuwa amenyamaza wakati wote huo. Sasa akavuta kiti karibu kidogo, hatua mbili labda, akamwambia mjukuu wake: "Mimi nilipokuwa na umri wako, hapa Maskati, ukitoka usiku bila taa unafungwa."

Wengi wa wasomaji wetu wamesikia habari hizi, lakini kuzisikia kwa aliyeziishi ni kitu kingine. Enzi za Sultan Said bin Taimur, kabla ya 1970, mji wa Maskati ulikuwa na ukuta na milango. Saa tatu baada ya magharibi ulikuwa unapigwa mzinga ngomeni, milango inafungwa, na anayetembea ndani ya mji baada ya hapo sharti awe na kandili mkononi. Tochi haikubaliwi. Baba mkwe alisema marehemu baba yake alikuwa akimtuma nyumba ya tatu tu kumwita mkunga, naye anabeba kandili kaliinua hivi, usawa wa uso.

"Ili uone njia?" mtoto akauliza.

"Njia naijua hata nikifumba macho. Ili walinzi wanione mimi nani."

Mama akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akicheka mbele ya mkwewe. Akasema wakati huo huo wao Unguja wana taa za barabarani, watu wanatoka Majestic kuangalia sinema ya Kihindi wanarudi kwa miguu mpaka Malindi wakiimba. Baba mkwe akakubali. Akasema ndiyo maana watu wa Oman walikuwa wakienda huko na si huko kuja huku. Mwenye ndugu Unguja alikuwa kama mwenye ndugu Ulaya leo. Wakaingia kwenye Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash 1883, lililokuwa jengo la kwanza Unguja kuwekwa umeme. Mama akamsimulia lilivyoanguka upande wake mmoja siku ya Krismasi ya 2020, vumbi mpaka Forodhani, na baba mkwe akasema serikali ya Oman ndiyo inayogharamia kulijenga upya, na mama akasema anajua, na analingoja liwake. Hao ni watu ambao kwa siku tisa hawajavuka "Umeamkaje, mkwe?"

Sasa nifike penye aibu yangu, maana nimeshaizunguka vya kutosha.

Nyuma yetu, kutoka tulipotandika jamvi, alikuwa amekaa msichana na kigari cha mtoto mchanga, na mwengine wa miaka mitatu hivi amemlalia pajani. Alikuwa akimbembeleza kwa Kiswahili, cha Bara, cha upande wa Tanga. Waajiri wake walikuwa wamekaa mbali kidogo kwenye viti. Nilimsikia tangu dakika ya kwanza. Wanaokaa huku mnajua: ukienda bustanini, ukienda pwani, ukienda dukani, utawasikia wasichana wetu nyuma ya vigari. Na mnajua pia tunavyofanya, wengi wetu. Tunashusha sauti. Nimeishi hapa miaka 12 na nina sababu zangu zimepangwa vizuri: ukimwamkia atakuomba umtafutie kazi nyingine, au atakwambia mambo ya nyumba ya watu ambayo huna uwezo nayo, au mwajiri wake atakasirika na atakayeumia ni yeye. Zote zina ukweli ndani yake. Chini yake ipo moja ambayo siitamki: kwamba nikiwa na baibui langu na mume wangu Mmaskati, napenda kuonekana mwenyeji.

Mama yeye aligeuka tu, katikati ya maneno ya Beit al-Ajaib, akasema: "Mwanangu, huyo mtoto ana baridi, mfunike."

Yule msichana akashtuka kama aliyeitwa jina lake. "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

Wa Handeni. Mwaka wa pili huku, hajarudi nyumbani bado. Ana mtoto wa miaka 5, yuko kwa mama yake. Mama akampa mkate wa rakhal uliobaki, akauliza mtoto anaitwa nani, anaumwa nini mara kwa mara, ameanza shule, analala na nani. Kwa dakika kumi aliuliza kila kitu ambacho mimi sikuwahi kumuuliza mtu yeyote katika miaka 12. Msichana hakuomba kitu. Alijibu tu, haraka haraka, kama anayeogopa muda utakwisha.

Mama akanigeukia, kwa sauti ya chini. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tulipokaa."

Hakusema zaidi. Afadhali angenisema.

Upepo ukatulia na droni zikapanda. Nitawaambia nini? Ni nzuri. Zinatoka chini kimya kimya kama vimulimuli, kisha ghafla zinajipanga na bustani nzima inasema "aaah" kwa pamoja, Waarabu, Wahindi, Wafilipino na sisi. Umbo la kwanza mwanangu alisema ni jahazi, mama akasema ni kiatu, na mpaka leo hawajakubaliana. Kijana aliwasha simu yake, akarekodi kidogo, akaiteremsha, akaanza kumwonyesha bibi yake kwa kidole zile zinazohama kutoka umbo moja kwenda jingine: "Hiyo, Bibi, ifuate hiyo moja, usiangalie picha." Na kweli, ukiifuata moja peke yake, utaiona inazunguka safari ndefu gizani, imezimwa taa, ili ikasimame mahali pake. Msiojaribu, jaribuni.

Yule msichana alikuwa amesimama na simu yake yenye kioo kilichopasuka, amembeba wa miaka mitatu mkono mmoja, anarekodi kwa mkono mwengine. Zilipomalizika akasema, kwa kujisemea, kwamba angemtumia mwanawe sasa hivi kabla hajalala, lakini bando limekwisha. Kule ilikuwa saa moja nyuma yetu. Mwanangu alimsikia. Hakuniuliza. Alimwendea akasema kwa Kiswahili chake kile, "Dada, fungua Wi-Fi. Nakuwashia hotspoti." Akamwambia neno la siri, ambalo ni jina la klabu ya mpira, wakacheka wote wawili. Video ikaanza kwenda polepole, mstari unasogea, sisi sote tumeukodolea macho kuliko tulivyozikodolea droni. Chaji ya simu yake ilikuwa asilimia nne. Ikafika. Likarudi jibu la sauti, kelele za kitoto tupu, hakuna hata neno moja lililosikika vizuri. Msichana aliisikiliza mara mbili, akaizima, akapangusa uso kwa mtandio wa yule mtoto wa miaka mitatu.

Kisha wakamwita kutoka kule kwenye viti, kwa sauti ya kawaida tu, naye akaondoka mbio na kigari.

Mimi namba yake sikuchukua. Mama alichukua. Ameiandika kwenye simu yake "Handeni Taa".

Mama alirudi Unguja mwanzoni mwa Februari. Vita vya taa nyumbani havijaisha, ila wapiganaji wamebadilika: sasa ni mwanangu anayezima nyuma ya mdogo wake, na akiulizwa anasema "friza", neno ambalo mdogo wake hajaelewa maana yake. Simu ya video Ijumaa inakwenda nusu saa. Baba mkwe naye siku hizi husogeza kiti karibu na kuuliza jumba limefika wapi, madirisha yamewekwa?

Na mama ndiye anayenipa habari za yule msichana. Amepata homa, amepona. Wamehama nyumba. Mtoto wake amevuka kwenda darasa la kwanza. Nyumba waliyohamia iko Al Mawaleh, mwendo wa robo saa kwa gari kutoka kwangu, na hilo nimeambiwa kutoka Malindi. Juzi umeme ulikatika kwao wakati tunazungumza, uso wa mama ukapotea kwenye kioo, ikabaki sauti tu. Akasema, gizani vile vile, kwamba msichana ameruhusiwa kutoka Ijumaa hii baada ya alasiri, saa mbili tu, anapenda pilipili ya ndimu na huku haipati, na mimi nina chupa mbili alizoniachia yeye mwenyewe kwenye kabati la juu, upande wa kushoto, nyuma ya mchele.